Datsun 240Z juu ya daino: nguvu farasi 62 zilikwenda wapi?

Kitabu cha Datsun 240Z kinasema injini yake inatoa nguvu farasi 151. Karatasi iliyotoka kwenye daino, mashine inayopima nguvu ya gari matairi yakizunguka juu ya rola, ilisema 89. Kati ya namba hizo mbili kuna pengo la 62, na mwenye gari alikuwa ameshapewa maana yake: ringi zimechoka, silinda zimelika, injini ishushwe ichongwe upya. Nilipoletewa karatasi ile niisome, vipuri vya kazi hiyo vilikuwa vimeshaanza kutafutwa.

Injini haikushushwa. Sehemu kubwa ya zile 62 haikuwa imepotea, kwa sababu haikuwahi kufika kwenye matairi hata gari lilipokuwa jipya. Iliyobaki ilikuwa imepotea kweli, na ilipatikana yote nje ya silinda, pistoni zikiwa mahali pake. Nakieleza kisa hiki chote kwa sababu inaniuma kuona injini nzuri za zamani zikifunguliwa bila sababu. Watu wanasoma namba ya juu kabisa, wanailinganisha na kitabu, wanatoa hukumu. Mstari wenyewe, ule unaochorwa kuanzia mizunguko ya chini hadi ya juu, hawautazami, na majibu yote yako humo.

Injini inaitwa L24. Silinda sita mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, kipenyo cha silinda milimita 83, mwendo wa pistoni milimita 73.7. Bloku ni ya chuma, silinda hedi ni ya aluminiamu, kemushafti ni moja na iko juu. Hewa na petroli vinaingia kupitia kabureta mbili za Hitachi zinazofanya kazi kwa mtindo wa SU, na mtindo huo utatusaidia sana mbele. Gari lilitambulishwa mwaka 1969, na lilishinda East African Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973. Halikupata jina kwa bahati.

Namba ya kitabu

Kabla ya kuilaumu injini, nilianza na kitabu. Kinasema nguvu farasi 151 kwenye mizunguko 5,600 kwa dakika, na msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha inayopimwa kwa nyutoni mita (Nm), wa juu kabisa Nm 198 kwenye mizunguko 4,400. Nguvu ni msokoto mara mizunguko: ukizidisha Nm kwa mizunguko ya dakika kisha ukagawanya kwa 9,549 unapata kilowati, na nguvu farasi moja ni wati 745.7. Ukirudi kinyume kutoka 151 kwenye 5,600 unapata msokoto wa Nm 192, chini kidogo ya kilele cha 198. Hesabu inakubali. Kitabu hakijipingi.

Tatizo ni jinsi namba hiyo ilivyopimwa. Nguvu farasi 151 ni kipimo cha jumla cha SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kilichotumika Marekani katika miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970. Injini iliwekwa peke yake kwenye benchi la kupimia. Iliondolewa filta ya hewa, ikafungiwa bomba za moshi za maabara zisizo na kizuizi, ikavuliwa vitu vingi vinavyokula nguvu yake inapokuwa garini, na taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, ikarekebishwa hadi pale inapotoa nguvu zaidi. Namba iliyopatikana ilikuwa ya kweli, ila ni ya injini iliyo uchi. Kuanzia magari ya mwaka 1972, watengenezaji wa Marekani walihamia kipimo halisi, injini ikiwa imevaa vitu vyake vyote, na vitabu vingi vikaonyesha nguvu imeshuka ghafla. Kwa baadhi ya injini hakuna kilichobadilika ndani isipokuwa njia ya kupima. Jaguar E-Type ina historia ya aina hiyo: zile nguvu farasi 265 zinazotajwa kwa injini yake ya silinda sita nazo ni kipimo cha jumla, na mwenye E-Type anayeipandisha kwenye rola akizitarajia ataumia moyo bure.

Hapo bado tuko kwenye kranki, shafti inayotoa nguvu kwenye injini yenyewe. Daino ya rola inapima kwenye matairi, yaani baada ya giaboksi, propela, difu, beringi zote na mpira wa tairi unaobonyea juu ya rola. Kila kimoja kinachukua chake.

Kwa hiyo 240Z ya kiwandani iliyo nzima haiwezi kuonyesha 151 kwenye rola. Swali langu lilikuwa dogo kuliko lile la mwenye gari: je, 89 ni hali ya kawaida ya injini hii ikipimwa kwenye matairi, au kuna kitu kinaizuia?

Mashine inaona nini

Daino ni za aina mbili kuu. Moja ina rola zito ambalo uzito wake wa kuzunguka unajulikana. Gari linalizungusha kwa kasi inayoongezeka, na kompyuta inapiga hesabu ya nguvu kutokana na jinsi rola linavyoongeza kasi. Nyingine ina breki inayoweza kulishika rola kwenye kasi moja huku injini ikisukuma kwa nguvu zote. Wazo la kupima injini kwa breki ni la kale: Mfaransa Gaspard de Prony alibuni breki yake ya kupimia mwaka 1821, na Mwingereza William Froude akaleta breki ya maji mwaka 1877. Daino ya kisa hiki ilikuwa na breki ya sumaku-umeme. Ingekuwa ya rola zito peke yake, sidhani kama tungegundua tatizo la kwanza kwa urahisi ule.

Kuna jambo hapa ambalo hata wanaoendesha daino hulisahau. Ili kujua nguvu, mashine haihitaji kujua injini inazunguka mara ngapi. Inatosha kujua msokoto kwenye rola na kasi ya rola. Lakini ili kuonyesha msokoto wa injini, lazima ijue uwiano wa kasi ya injini na kasi ya rola. Uwiano huo ukikosewa, nguvu inabaki sahihi, ila mstari wa msokoto unakuwa wa uongo na kila kilele kinahamia mizunguko isiyo yake. Kwenye kipimo cha kwanza uwiano uliwekwa kwa kutazama saa ya mizunguko ya kwenye dashibodi, ambayo baada ya miaka zaidi ya 50 ilikuwa inasoma 5,900 wakati mizunguko halisi ni 5,500. Tulifunga kibanio cha kusomea mizunguko kwenye waya wa plagi ya silinda ya kwanza, tukapima upya gari likiwa katika gia ya nne, ambayo kwenye giaboksi hii ni moja kwa moja, propela ikizunguka sawa na injini. Nguvu ilibaki 89. Sura ya mchoro ndiyo iliyonyooka, na sasa ikasomeka.

Msokoto ulipanda vizuri hadi Nm 155 karibu na mizunguko 3,600, ukaanza kupungua taratibu, kisha kuanzia 4,300 ukaanguka kwa mteremko mkali. Nguvu ilifika kilele chake cha 89 kwenye 4,700 ikarudi chini. Injini hii kwa kitabu chake inapaswa kuendelea kupata nguvu hadi 5,600.

Ringi zilizochoka hazichori mstari kama huo. Silinda zinazovujisha mgandamizo hupoteza nguvu kila mahali, na hasara huonekana zaidi mizunguko ikiwa chini, kwa sababu gesi ina muda mrefu wa kupenya. Hapa chini kulikuwa na afya ya kutosha na juu ndiko kulikokatika. Hata hivyo hatukuishia kwenye mchoro. Mgandamizo ulipimwa injini ikiwa ya moto na mafuta yamekanyagwa hadi chini: silinda zote sita zilikuwa kati ya baa 11.4 na 11.9. Injini inayotoa kipimo hicho haina haja ya kuchongwa. Nafasi za tapeti nazo zilikuwa sawa, milimita 0.25 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za kutoa, injini ikiwa ya moto.

Petroli

Sensa ya oksijeni iliyoingizwa kwenye bomba la ekzosi ndiyo iliyotoa ushahidi wa kwanza. Injini ya aina hii ikivuta kwa nguvu zote inataka takriban sehemu 12.5 hadi 13 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito. Hadi mizunguko 4,300 sensa ilisoma 12.9. Baada ya hapo ikaanza kupanda: 13.6, 14.4, na kufika 5,000 ilikuwa imevuka 15. Injini ilikuwa inakosa petroli pale inapoihitaji zaidi.

Ni hapa mtindo wa SU unapofaa kueleweka. Ndani ya kabureta hizi kuna pistoni inayoinuka yenyewe kadiri hewa inavyopita, nayo inabeba sindano iliyochongwa kwa mwembamba. Pistoni ikipanda, sindano inatoka zaidi kwenye tundu la petroli na petroli inaongezeka. Kabureta inaipima hewa iliyokwisha kuingia, kwa hiyo kitu chochote kinachobana hewa kwa nje hakiharibu mchanganyiko sana, kinapunguza vyote viwili kwa pamoja. Mchanganyiko ukikauka kwa kiasi kile, kabureta zote mbili zikiwa na sindano sahihi, tazama upande wa petroli kwanza.

Breki ya daino ikamaliza mabishano. Fundi wa daino alilishika gari kwenye mizunguko 4,500, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Mwanzoni sensa ilisoma 13, safi kabisa. Kisha ikatambaa taratibu, 13.5, 14, ikiendelea, bila mguu wala mizunguko kubadilika. Akaachia mara moja. Maana yake ilikuwa wazi: bakuli la boya kwenye kila kabureta lina akiba, injini ilianza kwa kunywa akiba hiyo, na petroli iliyokuja nyuma yake haikutosha kuijaza. Kwenye daino ya rola zito, ambako kipimo huisha haraka, akiba hiyo ingeweza kuificha sehemu kubwa ya hasara. Barabarani, kwenye mlima mrefu, isingeificha.

Bomba la petroli lilifunguliwa karibu na kabureta, mdomo wake ukatiwa kwenye chupa, na injini ikaachwa izunguke kwa petroli iliyobaki kwenye mabakuli. Mtiririko ulikuwa dhaifu, wa kukatika-katika. Kisha pampu ikanyweshwa kutoka galoni safi lililowekwa kando, na mtiririko ukajaa. Pampu haikuwa na kosa. Kizuizi kilikuwa kati ya tangi na pampu, na chujio lilipokatwa likatoa tope la kutu laini kama unga, limeshikana hadi katikati ya karatasi yake. Tangi lilisafishwa, bomba likapulizwa, chujio likabadilishwa. Sensa ikabaki kati ya 12.7 na 13 hadi mwisho wa kipimo, na nguvu ikapanda kutoka 89 hadi 99, kilele kikihamia juu ya mizunguko 5,200.

Petroli lazima itangulie taimingi, na hili nalisema kwa msisitizo. Ukiongeza taimingi kwenye injini inayokosa petroli unaipa joto ambalo haina cha kulipoza, inaanza kugonga, na pistoni inaweza kutoboka hapohapo juu ya rola. Gari linaloletwa kupimwa nguvu litarudi kwa kuvutwa.

Pedali iliyofika chini

Nguvu farasi 99 zilikuwa na mstari mzuri zaidi, ila juu bado palikuwa na ubapa usiopendeza, na mara hii mchanganyiko ulikuwa sahihi. Kitu kinachopunguza hewa na petroli kwa pamoja, kama nilivyoeleza, kinafanana hivyo.

Injini ikazimwa, filta ya hewa ikatolewa. Mtu mmoja alikaa kwenye kiti cha dereva akakanyaga pedali hadi kwenye zulia. Ukiinua pistoni ya kabureta kwa kidole na kumulika tochi ndani ya koo lake, kile kibao cha mviringo kinachofungua na kufunga njia ya hewa kinapaswa kuonekana kwa ubavu tu, mstari mwembamba wa shaba. Kwenye kabureta ya mbele kilikuwa karibu hivyo. Kwenye ya nyuma uliona uso wake mzima ukiwa umeinama, unang'aa. Viungo vya fito za kuvutia vilikuwa vimelika mashimo yake, na mwendo wa mguu ulikuwa unaishia kwenye ulegevu huo kabla ya kufika kabureta. Dereva anakanyaga yote, injini inapokea sehemu.

Hitilafu hii ni ya kawaida sana kwenye magari ya umri huu, na dakika chache za kuiangalia zinatosha. Gari lolote la zamani likiletwa kupimwa, ningetaka hili lifanywe hata kabla ya kamba za kulifungia kukazwa. Viungo vikabadilishwa, kabureta zikasawazishwa zivute hewa sawa, mafuta mepesi yakatiwa kwenye vizuizi vya pistoni zake. Nguvu farasi 104.

Taimingi haikuwa na kisa kirefu. Taa ilionyesha cheche ya juu kabisa inaruka nyuzi 27 kabla ya pistoni kufika juu, kwa kuwa uzito wa ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa silinda, ulikuwa umeganda kwa grisi ya zamani na haukufunguka hadi mwisho. Ulipolegezwa na kuwekwa ufike 34, msokoto uliinuka katika upana wote wa mchoro, ikiwa ni pamoja na huko chini ambako tulidhani hakuna shida. Kilele chake kikawa Nm 163 kwenye 4,000, na nguvu ikawa 110 kwenye mizunguko 5,500.

Je, 110 ni 110 kweli?

Namba inayopanda inafurahisha, na kwa sababu hiyo inafaa kuhojiwa kuliko inayoshuka. Kila hatua ilianza kwa kurudia kipimo kilichopita bila kubadilisha chochote, maji na oili vikiwa vimefika joto la kazi, na tukaendelea pale tu vipimo viwili vilipotofautiana chini ya nguvu farasi moja. Upepo wa matairi haukuguswa, na kamba zilikazwa kwa kiwango kilekile, maana kamba ikikazwa zaidi inalibonyeza tairi kwenye rola na kula nguvu ambayo haina uhusiano na injini.

Hewa nayo inaingia kwenye hesabu. Hewa ya moto au ya mwinuko ni nyepesi, injini inavuta oksijeni pungufu, na daino husahihisha matokeo kwa kuzidisha. Namba zote za kisa hiki zimesahihishwa kwa SAE J1349, yaani nyuzi 25 za Selsiasi na shinikizo la hewa kavu la kilopaskali 99. Kanuni za zamani zilichukua nyuzi 15.6 na kilopaskali 101.3, na gari lilelile, kipimo kilekile, linaonyesha karibu asilimia 4 zaidi kwa kanuni hiyo. Kwa hiyo ukiletewa karatasi mbili, tazama kwanza kona iliyoandikwa kanuni. Tazama pia sensa ya joto iliwekwa wapi. Ikikaa nyuma ya rejeta na kusoma nyuzi 50 wakati hewa inayoingia injini ni ya nyuzi 30, hesabu itazawadia injini hii nguvu farasi zaidi ya nne ambazo hazipo. Na mahali palipo juu, kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, masahihisho yanafika karibu asilimia 20, nje kabisa ya kiwango ambacho kanuni yenyewe inakikubali. Hapo karatasi inafaa kulinganisha gari na gari lilelile tu, kabla na baada.

Mwenye gari aliuliza swali ambalo huulizwa kila mara: nguvu kwenye kranki ni ngapi? Kuna desturi ya kuongeza asilimia 15 au 20 na kutangaza jibu. Sikuifanya, na nashauri isifanywe. Nguvu inayoliwa na oili ya difu, beringi na matairi inafuata kasi, joto na uzito kwa kiasi kikubwa, na si asilimia moja ya kudumu ya kila injini. Ukiipa injini nguvu maradufu kwenye giaboksi hiyohiyo, hasara haiongezeki maradufu. Asilimia hiyo ikishazidishwa, kila kosa la kipimo linazidishwa nalo. Nilimwandikia 110 kwenye matairi, gia ya nne, SAE J1349, pamoja na joto la hewa, upepo wa matairi na mchoro wa sensa ya oksijeni ukiwa chini ya mchoro wa nguvu. Karatasi ya namna hiyo inaweza kurudishwa kwenye daino ileile baada ya miaka na ikasema kitu.

Bado kuna kijibonde kidogo cha msokoto karibu na mizunguko 2,900, ambapo sensa inasoma 12.1, petroli imezidi kidogo. Huenda ni sindano za kabureta, zilizolika ubavu mmoja kwa kusuguana na tundu kwa miaka mingi. Jozi mpya imeagizwa, vile vipuri vya kuchonga injini vimesitishwa, na gari linatembea.